Namba Thelathini na Nane

Kasisi Kaloki aliwapa nusu saa wakubaliane nyimbo za ibada, na dakika ishirini za kwanza ziliisha wakibishana kama Yesu amezaliwa au hajazaliwa.

"Hajazaliwa," alisema Amondi, ambaye wengi kanisani walimwita Mama Celine. "Kalenda ya kanisa iko hapo ukutani nyuma yako, geuka usome. Jumapili ya tatu ya Majilio. Bado tunangoja. Huwezi kumwimbia mtoto aliye tumboni kana kwamba umeshamshika."

Mburu hakugeuka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, mpiga kinanda wa kanisa la Kawangware, mwenye diploma ya muziki na tabia ya kugongagonga meza kwa vidole mtu mwingine anapozungumza.

"Mama Celine, wacha nikuulize. Tarehe ishirini na tano huko kwenu Kibera mtakuwa wangapi kanisani?"

"Wachache."

"Toa namba. Si wewe ni mtu wa namba?"

"Mwaka jana tulikuwa kumi na tisa."

"Kumi na tisa!" Mburu alimgeukia kasisi kama wakili aliyepata shahidi. "Wengine wote wako ushago, Siaya, Busia, Kakamega, wanakula kuku. Kasisi, hii Jumapili ya tatu ndiyo Krismasi yao. Wakitoka hapa wanafunga mizigo. Sasa tuwape nyimbo za kuomboleza, eti tunangoja?"

"Huko wanakokwenda kuna makanisa," Amondi alisema. "Wataimba Krismasi siku ya Krismasi. Na nyimbo za Majilio si za kuomboleza. Ungekuwa umewahi kuzipiga ungejua."

"Mathe, nimezipiga."

"Umezipiga na ngoma ya mashine chini yake. Hiyo ni kitu kingine."

Kasisi Kaloki alivua miwani akaifuta kwa shati. Alikuwa Mkamba aliyehamishiwa pale mwaka mmoja uliopita, hakuwa wa upande wowote, na upande wowote haukumpenda. "Imetosha. Majilio ni Majilio. Nyimbo za Krismasi hapana. Mama Celine ana haki kwa hilo. Sasa nataka namba nne kwenye karatasi kabla sijatoka hapa."

Amondi hakutabasamu. Alifungua daftari lake, akachora mistari minne, akaandika tarehe juu.

Parishi ilikuwa moja, makanisa mawili. La Kibera lilikuwa Sarang'ombe, la mabati, lenye kinanda cha upepo ambacho Amondi alikuwa amekikanyaga kwa miaka kumi na tisa. La Kawangware lilikuwa la mawe, na tangu Septemba lilikuwa na kinanda cha umeme kilicholetwa kwa meli kutoka kanisa moja la ng'ambo lililofungwa: safu mbili za vibao vya vidole, safu nyingine ya vibao vya miguu, na kifuniko cha mbao chenye kufuli. Kilikuwa mali ya parishi yote. Kiliwekwa Kawangware kwa sababu umeme wa Sarang'ombe ulikuwa ukipotea mara tatu kwa wiki. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao ulikaa mfukoni mwa kasisi, na kila aliyetaka kukigusa kinanda alipaswa kumwomba. Kasisi alikuwa amechoka kuombwa. Alitangaza kwamba baada ya ibada ya pamoja ya Majilio, yeye na wazee wawili wa kanisa wangemkabidhi mtu mmoja ufunguo, awe mpiga kinanda wa parishi. Mwingine angebaki na kanisa lake na kile alicho nacho.

Alicho nacho Amondi kilikuwa na vibao viwili visivyolia na mfuko wa hewa ulioshonwa mara nne, mara zote nne na yeye mwenyewe, kwenye kibanda chake cha kushona sare za shule Soweto East. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeanza kukaza asubuhi, na daktari alimwambia waziwazi kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma. Alikuwa amepiga hesabu: miaka mitano mizuri, labda sita. Aliutaka ufunguo ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu aolewe, na hakuona sababu ya kujidanganya kuhusu jambo hilo.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Nyimbo nne; mbili za mwanzo angezipiga Amondi, mbili za mwisho Mburu. Kila mtu angechagua zake, lakini orodha ingekuwa moja na wote wawili wangeitia sahihi, kwa sababu kwaya hizi mbili hazikuwa na siku ya kufanya mazoezi pamoja. Kila moja ingejifunzia kwake na kukutana na mwenzake siku yenyewe.

Amondi alitoa zake bila kufikiri. Alikuwa amekuja nazo. Ya kuingilia, namba kumi na saba. Ya kabla ya mahubiri, namba ishirini na nne. Mburu alitaja ya sadaka, namba arobaini na moja, wimbo mfupi ambao hakuna mtu angeweza kuuharibu. Kisha akaegemea kiti.

"Na ya kutokea, kwa sababu tumeambiwa Majilio ni Majilio," alisema, "wekeni thelathini na nane. Ile ya kungoja kupambazuke. Majilio mpaka kwa mfupa. Nyanyangu alikuwa anaiimba akikama ng'ombe. Ama nyinyi watu wa Kibera hamuijui?"

Amondi aliinua kalamu. "Tunaijua."

Jibu hilo lilikuwa kweli. Kitabu cha nyimbo kilikuwa na maneno tu. Hakikuwa na noti, na hakijawahi kuwa nazo. Kila kanisa liliimba kwa tuni iliyoletwa na watu wake. Watu wa Kibera walitoka ziwani na upande wa magharibi, na namba thelathini na nane walikuja nayo kutoka huko, ya mapigo matatu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Watu wa Kawangware waliimba maneno yaleyale, herufi kwa herufi, kwa tuni nyingine kabisa, ya mapigo manne, ya kuandamana. Amondi alikuwa ameisikia mara moja, Machi ya mwaka juzi, katika mazishi ya Mama Wagaki, ambaye Amondi alimshonea nguo kwa miaka mingi. Alisimama kati ya waombolezaji na kitabu kimefunguliwa mbele yake na mdomo umefungwa, akihesabu mapigo. Mburu alikuwa anapiga. Hakumwona.

Mburu, kwa upande wake, hakuwahi kukanyaga kanisa la Kibera. Alikuwa amesema hivyo mwenyewe, mbele za watu, kwamba mabati yanaharibu masikio.

Kwa hiyo sentensi moja ingetosha. Ile yenu ina tuni nyingine. Amondi aliiona sentensi hiyo imekamilika, akaiacha pale ilipo. Akaandika 38 kwenye mstari wa nne, akatia sahihi, akamsogezea Mburu daftari.

"Umeona?" kasisi alisema. "Haikuwa vita."

*

Kasisi alimpa kila mmoja saa mbili za kinanda kwa wiki. Zamu ya Amondi ilikuwa Jumatano saa nane mchana. Alifunga kibanda saa sita na nusu na kutembea kwa miguu hadi Kawangware na viatu vya kupigia kwenye mfuko, viatu vyembamba vya ngozi alivyovitafuta soko la Gikomba kwa sababu alikuwa amesoma kwamba soli nene haisikii kibao.

Alipofika alimkuta Mburu ameketi kinandani. Saa nane na robo alikuwa bado ameketi.

"Nilikuwa namalizia kitu," Mburu alisema.

"Zamu yako ilikuwa jana."

"Jana stima ilikatika."

"Haikukatika. Nimemuuliza mlinzi nikiingia."

Mburu alicheka, akainuka, akajinyoosha pole pole kama mtu anayetoka kitandani. Lakini hakutoka. Alikaa kwenye benchi ya mbele, mikono imekunjwa, akamtazama akivaa viatu.

Safu ya miguu ilikuwa na vibao ishirini na vitano. Amondi alikuwa amevichora kwenye kipande cha katoni, kwa vipimo kamili, na kwa wiki sita alikuwa akifanya mazoezi juu ya katoni hiyo sakafuni, chini ya meza ya cherehani. Hakuna aliyejua. Alipoweka mguu wa kushoto kwenye noti ya so ya chini na sauti ikatoka, sakafu nzima ilitetemeka chini ya soli nyembamba, na kwa muda alisahau kuwa kuna mtu nyuma yake. Alipiga namba kumi na saba mara tatu. Mara ya kwanza alikosea mguu mara tano. Mara ya pili mara mbili. Mara ya tatu hakukosea.

"Mathe," Mburu aliita kutoka kwenye benchi, "hiyo si Singer. Huhitaji kukanyaga ndiyo ishone."

Amondi aligeuza ukurasa.

"Unajua nini itatokea?" Mburu aliendelea. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Wazee watakuonea huruma. Miaka kumi na tisa, sijui nini, ameshona mfuko wa kinanda kwa mkono wake. Na mimi nimesoma hii kitu miaka mitatu, nikilala njaa. Kwa huruma tu mtu anaweza kupewa kinanda ambacho hajui nusu ya swichi zake."

"Sihitaji huruma yao."

"Utaichukua lakini."

"Nitachukua ufunguo," Amondi alisema. "Wakitaja sababu nitawasahihisha."

Saa tisa na dakika arobaini Mburu alisema muda umeisha. Amondi alimwonyesha saa yake. Mburu akasema kasisi amemwachia yeye ufunguo afunge, na yeye ana harusi ya kwenda kupiga. Hapakuwa na mtu wa kumlalamikia. Amondi alivua viatu, akavifuta, akavirudisha mfukoni. Kama mpaka dakika ile kulikuwa na upande wowote wa moyo wake uliokuwa ukifikiria kuitamka ile sentensi, upande huo ulinyamaza.

*

Jumamosi alasiri kwaya ya Kibera ilikutana. Walikuwa ishirini na sita, wengi wao akina mama wenye sauti za sokoni, wanaoweza kuitana kutoka upande mmoja wa Sarang'ombe hadi mwingine bila kuinuka. Amondi aliwafundisha kwa solfa, do re mi, kama kawaida, akiandika ubaoni: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Namba thelathini na nane hawakuihitaji ubaoni. Waliijua tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Hata hivyo aliwarudishia mara sita.

Caren, aliyeongoza sauti ya kwanza, muuza omena mwenye kifua kipana, aliinua mkono. "Mama Celine, hii tunaijua. Mbona tunaipiga hivi kama tunaenda mashindano?"

"Kwa sababu kesho kwa huu hamtaongozwa na mimi. Atapiga Mburu."

"Sasa?"

Amondi alifuta chaki mikononi. Alichagua maneno yake kama anavyochagua uzi, akiyatazama kwanza kwenye mwanga.

"Mburu anapenda kupamba mwanzo wa wimbo. Anaweza kuanza na vitu vyake, mkashindwa kutambua wimbo. Msihangaike. Akimaliza, ingieni kama mlivyojifunza hapa. Na mkishaingia, msimfuate mtu. Mtu ndiye awafuate."

"Tukimzidi?"

"Mzidini."

Akina mama walicheka. Mmoja alisema Kawangware watajua leo ni leo. Mburu alipenda kweli kupamba mwanzo. Hakuna neno hata moja kati ya yale lililokuwa uongo ukilichukua peke yake. Amondi aliyapitia tena akifunga ubao na akaridhika nayo, kisha akagundua kwamba amelazimika kuyapitia.

*

Kanisa la Kawangware lilijaa kabla ya saa tatu. Watu wa Kibera walikuwa kama mia na arobaini, wakaketi upande wa kushoto, wengine wakiwa tayari na tiketi za basi kwenye pochi. Wenyeji walikuwa zaidi kidogo, upande wa kulia. Mshumaa wa tatu wa Majilio, ule wa waridi, uliwashwa. Mbele kabisa waliketi wazee wawili walioteuliwa kusikiliza: Mzee Murunga wa Kibera, fundi wa vitanda vya chuma, na Mama Wangoi wa Kawangware.

Amondi alipiga namba kumi na saba bila kosa. Alijua hivyo kwa sababu alikuwa akihesabu. Alipofika ubeti wa mwisho aliongeza sauti ya chini, miguu yote miwili ikifanya kazi, na akahisi benchi zikitetemeka na watu wakinyanyua sauti zao juu ya msingi wa sauti ambao hawakuwahi kupewa. Katika namba ishirini na nne alikosea mara moja, kibao cha mguu, ubeti wa pili. Alimtazama Murunga. Murunga alikuwa anaimba amefumba macho. Alimtazama Mburu, aliyekuwa amesimama kando ya nguzo akingoja zamu yake. Mburu alikuwa ameinua kidole kimoja.

Moja, Amondi aliwaza. Hesabu yako ni sahihi.

Alimpisha. Mburu alipiga ya sadaka vizuri na kwa wepesi, mkono mmoja karibu ungetosha. Baada ya baraka, kasisi alitangaza: "Tutatoka kwa namba thelathini na nane. Tusimame."

Mburu alipiga mwanzo, ubeti mzima, mapigo manne, tuni ya Kawangware, akiwa ameipamba kila mahali palipowezekana. Upande wa kushoto watu walitazamana. Caren aliitazama kwaya yake, akatikisa kichwa kama kusema, si tuliambiwa. Mburu alishusha mikono kwa noti ya kwanza.

Makanisa mawili yaliingia kwa pamoja.

Kwa mapigo mawili ya kwanza ilisikika kama kosa la mtu mmoja. Kisha ikawa kelele. Upande wa kulia uliandamana na kinanda, nne kwa nne. Upande wa kushoto, sauti mia na arobaini na kwaya ya watu ishirini na sita mbele yao, ulibembea kwa tatu, na wala haukupunguza. Kila upande, uliposikia mwingine, uliongeza. Mzee mmoja wa Kawangware aligeuka akaelekeza fimbo upande wa Kibera. "Imbeni wimbo!" alipaza sauti. "Ni huu!" Caren alimjibu bila kuacha kuimba, kwa mkono. Kasisi, aliyekuwa ameshaanza kutembea kuelekea mlangoni nyuma ya msalaba, alisimama katikati, hajui hatua zake zifuate mapigo yapi. Mtoto alianza kulia.

Amondi alisimama karibu na nguzo na kitabu mkononi. Alikuwa ametarajia hivi hasa. Alitazama mgongo wa Mburu.

Mburu aliondoa mikono.

Kinanda kilinyamaza. Bila kinanda, upande wa kulia ulipoteza nguvu, sauti moja moja, hadi zikabaki chache za ukaidi, kisha hizo nazo zikaisha. Kibera waliendelea peke yao, mstari wa tatu, mstari wa nne, wamejaa ushindi. Mburu aliketi ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Hakufanya kitu kingine chochote kwa ubeti mzima.

Katika ubeti wa pili mguu wake wa kushoto uligusa kibao kimoja cha chini na kukiacha kilie. Kisha mwingine. Kisha mkono, taratibu, mapigo matatu, chini ya sauti za akina mama. Hakupamba kitu. Katikati ya ubeti alikuwa ameipata tuni yote, akawa anaishikilia kutoka chini kama mtu anayesaidia kubeba kabati. Wenyeji, ambao hawakuwahi kuisikia, walianza kuipapasa wakiwa nyuma kwa nusu neno. Ubeti wa tatu aliwageukia wenyeji. Aliinua mkono upande wa kulia, akapiga mapigo manne ya kwao, akauweka mkono mwingine kifuani akiwatazama Kibera, na Caren, Mungu amsaidie, akaelewa, akanyamazisha kwaya yake. Kawangware waliimba tuni yao. Ubeti wa nne akawarudishia Kibera, na safari hii makanisa yote mawili yaliimba tatu kwa tatu, wengi vibaya, hadi msalaba ukatoka mlangoni.

Alikosea mahali pamoja. Mwishoni mwa mstari wa tatu besi ya Kibera haiendi kwenye noti ya do, mahali ambapo sikio lolote linaitegemea. Inakwenda la, na wimbo unakataa kupumzika, unabaki ukingoja. Mburu alikwenda do, ubeti wa pili na ubeti wa nne. Kila mara, ndani ya kiatu chembamba cha ngozi, mguu wa Amondi ulisogea kwenye la.

Alihesabu: makosa mawili, katika tuni ambayo mtu huyu hakuwahi kuisikia kabla ya siku hiyo. Yeye alikosea mara moja katika wimbo ambao alikuwa ameufanyia mazoezi kwa wiki sita. Hakukuwa na namna ya kuziweka hizo hesabu zikatoa jibu lingine.

*

Chumbani kwa kasisi walikuwa watano, na wa sita, Caren, alikuwa ameingia bila kuitwa.

"Mimi nauliza tu," Caren alisema. Alikuwa hamtazami Amondi. "Jana tuliambiwa tusimfuate mtu. Tumefuata amri, tukaonekana wajinga mbele ya watu. Sasa nauliza, mwenye kutoa amri alikuwa anajua?"

"Caren, subiri nje," kasisi alisema.

"Nasubiri hapahapa."

Mburu alikuwa ameegemea mlango. Jasho lilikuwa bado halijamkauka shingoni. "Wacha nimuulize mimi. Mama Celine. Jumanne ile, ukiandika thelathini na nane. Ulijua yetu ni tuni nyingine?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi ya Mama Wagaki. Machi, mwaka juzi. Wewe ndiye ulikuwa unapiga."

Mzee Murunga alishusha pumzi ndefu. Labda alikuwa ametumaini atakana. Mama Wangoi alisema kitu kwa Kikuyu, kifupi, ambacho hakikuhitaji kutafsiriwa.

"Na ukanyamaza," kasisi alisema.

"Hakuna aliyeniuliza. Aliuliza kama tunaijua, nikasema tunaijua." Amondi aliweka mfuko wake wa viatu mezani. "Ndiyo. Nilinyamaza."

"Ungesema sasa kwamba ulikosea," Murunga alisema, karibu kwa kubembeleza. "Dada yangu, sema tu ulikosea, twende mbele."

"Sikukosea. Nilikusudia."

Kasisi Kaloki aliangalia wazee wake. Murunga alikuwa mtu wa Kibera. Alikuwa amembebea Amondi kinanda kile cha upepo mara mbili, mgongoni, mafuriko yalipoingia kanisani. Aliangalia mikono yake ya fundi chuma juu ya magoti.

"Kama ni kura," alisema hatimaye, "yangu ni ya kijana. Si kwa sababu ya hilo alilofanya mama. Hata kabla sijajua. Ubeti wa pili ule... ningempa hapohapo."

"Na mimi," Mama Wangoi alisema.

Kasisi alitoa ufunguo mfukoni. Hakutoa hotuba. Mburu aliupokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa adabu, kisha akamgeukia Amondi, na adabu ikaishia hapo.

"Jumatano yako imeisha," alisema. "Ukitaka kukigusa, utaniomba. Na nitafikiria."

"Sitakuomba."

"Vizuri. Lakini hiyo tuni ni ya parishi, si ya mfuko wako. Mwaka ujao wataitaka tena. Niandikie."

Caren alitazama sakafu. Amondi angeweza kukataa. Kila mtu mle ndani alingoja akatae, na Mburu zaidi ya wote. Alichukua karatasi ya ibada kutoka mezani, akaigeuza upande mweupe, akaandika akiwa amesimama, sauti nne, mstari kwa mstari, bila kufuta. Vidole vya kushoto vilivyoshikilia karatasi vilikuwa vimekaza. Mwishoni mwa mstari wa tatu, kwenye besi, kalamu ilisimama. Hakuna mtu angejua. Do ingekaa pale miaka na miaka, watu wangeizoea, watoto wangejifunza hivyo.

Aliandika la. Akaipigia mstari chini, mara moja, akamnyooshea karatasi bila kumtazama.

Mburu alisoma midomo ikicheza. Alipofika mstari wa tatu midomo ilisimama, ikarudi nyuma, ikapita tena mahali palepale.

"Hapa nilikosea," alisema.

"Mara mbili."

"Hakuna mtu alisikia."

"Mimi nilisikia," Amondi alisema. Akachukua mfuko wake wa viatu, akampita mlangoni, na Mburu hakumpisha hata hatua moja, ikabidi apite kwa ubavu.